Mkia wa Kiputo

Hebu mwone anavyoingia. Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mlango wa chini umezuiwa na ndoo ya mhudumu, naye anapita kwa ubavu ili asikanyage sakafu iliyolowa. Ni mama mnene kidogo, wa miaka hamsini na minane, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya viatu, mkoba mkubwa begani. Ndani ya mkoba mna soksi tatu za mtoto mchanga, na ndani ya kila soksi mmelala kalamu. Anapanda ngazi polepole, na ukimsogelea utasikia anaongea. Simu hana mkononi, wala hakuna mtu mbele yake. Anauliza kwa sauti nzito ya mwanamume aliyeamka vibaya, "Nani kahamisha ndoo yangu?" Anapanda vidato viwili, kisha anajijibu kwa sauti nyembamba ya msichana mwenye kiburi, "Kwani ndoo yako ina jina?"

Mhudumu, aliyekuwa ameanza kazi wiki ile ile, alisimamisha fagio lake. Akamtazama mpaka akapotea kwenye kona ya ngazi, kisha akamgeukia mlinzi.

"Yule mama mzima kweli?"

"Yule?" mlinzi akacheka. "Yule si mtu mmoja. Yule ni watu kumi na wanane."

Jina lake la ofisini ni Bi Viputo. Unavijua vile vidude vyeupe vya mviringo vinavyotoka vinywani mwa watu kwenye hadithi za picha, ambamo hukaa maneno wanayosema? Hivyo ndivyo viputo. Katika gazeti lile la kila wiki, kwa miaka ishirini na sita, hakuna kiputo kilichomfikia msomaji bila kupita chini ya mkono wake. Mtunzi anatunga, mchoraji anachora, halafu ukurasa unafika mezani kwa Bi Viputo ukiwa umejaa watu waliopanua midomo bila kutoa neno, kama samaki waliotolewa majini. Yeye ndiye anayewapa sauti.

Kazi hii hakuisomea popote. Alikuwa akiandika majina kwenye vyeti vya shule, kwa sababu alikuwa na mwandiko ambao watu waliusifu kabla hawajausoma. Siku moja mhariri wa wakati ule alipokea cheti cha mwanawe, akasahau kuuliza mtoto amepata ngapi, akauliza nani ameandika. Wiki iliyofuata Bi Viputo akapewa meza ya dirishani, na pale dirishani yupo hadi leo.

Ana taratibu zake, na ole wako uziguse. Kwanza husoma kila neno kwa sauti, kwa sauti ya yule anayesema, awe bibi kizee au mtoto au paka. Neno lisiposemeka kwa pumzi moja, halikai kwenye kiputo kimoja. Hapo huurudisha ukurasa kwa mtunzi akisema, "Huyu mtu wako amekata roho katikati ya sentensi, mpunguzie." Akisharidhika huandika maneno. Maneno yakikauka huyazungushia kiputo. Kiputo kikikauka, ndipo huchora mkia, ile ncha ndogo inayochomoza kuelekea mdomo wa msemaji. Mkia ni wa mwisho siku zote, maana mkia ndio unaosema nani kasema.

Mwaka fulani walimletea kompyuta iandike badala yake. Ilidumu wiki tatu. Wasomaji waliandika barua kulalamika kwamba watu wote wa kwenye hadithi siku hizi wanaongea kama tangazo la benki. Kompyuta ikapelekwa kwa mhasibu, Bi Viputo akarudishiwa wino wake. Siku hiyo alipiga mluzi tu, kutwa nzima.

Sasa, hadithi iliyokuwa ikipendwa kuliko zote gazetini iliitwa *Ghorofa Bila Lifti*. Ni picha sita kila Alhamisi, ukurasa wa mwisho, juu ya majirani wanaogombana na kupatana ngazini. Kulikuwa na Mwenye Nyumba, bwana mmoja mwenye tumbo kubwa na moyo mdogo. Kulikuwa na Mjane wa Chumba cha Sita, ambaye ulimi wake ungeweza kukata bati. Kulikuwa na wengine wengi. Na kulikuwa na Mzee wa Miavuli.

Huyu mzee alizaliwa kwa bahati tu. Miaka minne iliyopita mchoraji alibakiwa na kona tupu kwenye picha, akachora mzee ameketi kidato cha tatu akishona mwavuli. Wiki iliyofuata akamrudia, na iliyofuata tena, hadi ikawa desturi. Mtunzi hakuwahi kumwandikia neno hata moja. Miaka minne mzee amekaa pale, watu wanapigana juu ya kichwa chake, wanachumbiana, wanarushiana masufuria, yeye sindano na uzi, mdomo umefumbwa.

Bi Viputo alimpenda. Hakuna aliyejua, isipokuwa mumewe. Kila ukurasa ulipofika mezani, kabla hajasoma lolote, alimtafuta kwanza yeye. "Leo wamekukalisha kushoto," humwambia kwa sauti ya chini. "Wamekupa na kofia. Haya, hongera."

Ndipo ikaja ile Jumanne.

Kwenye hadithi, ufunguo wa mlango wa paani ulikuwa umepotea wiki tano. Watu hawana pa kuanika nguo. Wapangaji wameshukiana wote, hata paka kapekuliwa. Jumanne ile uliletwa ukurasa ambao mwizi angejulikana, na mwizi ni Mwenye Nyumba mwenyewe. Kwenye picha ya sita watu tisa wamejazana ngazini, Mwenye Nyumba yuko juu mdomo wazi, Mzee wa Miavuli yuko chini kama kawaida yake. Katikati yao pameachwa nafasi ya kiputo. Wiki hiyo mchoraji, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alimchora mzee naye ameachama kidogo. Pengine alikuwa anapiga miayo.

Bi Viputo aliandika: "Acheni kelele! Ufunguo nimechukua mimi." Alizungusha kiputo. Alisubiri kikauke. Kisha alichovya kalamu na kuchora mkia, akaupuliza, akaupeleka ukurasa kwa wachapaji, akaenda kula.

Mkia ulishuka chini badala ya kupanda juu.

*

Mumewe Bi Viputo ni kinyozi. Banda lake lina kiti kimoja, kioo kimoja kirefu na benchi la wanaosubiri, na kila Alhamisi gazeti hufika kwenye benchi lile kabla ya mteja wa kwanza. Mchana wa Alhamisi hiyo Bi Viputo alipompelekea mumewe chakula alikuta kelele zinasikika tangu barabarani.

"Mimi nilisema!" Aliyekuwa anapiga kelele ni fundi bomba, amekaa kitini shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. "Mtu gani anashona miavuli miaka minne, na humo ndani mvua haijanyesha hata siku moja?"

"Ulisema lini?" aliuliza mwalimu mstaafu kutoka kwenye benchi.

"Nilisema moyoni."

"Basi hukusema. Nami nakwambia yule mzee hajachukua kitu. Mtu mtulivu vile!"

"Watulivu ndio wenyewe! Tulia wewe uone kama sijakushuku."

"Tulia wewe kwanza, kabla sijakukata sikio," alisema Kinyozi.

Fundi bomba akamwona Bi Viputo mlangoni. "Afadhali shemeji umefika! Wewe si uko kulekule kunakopikwa haya mambo? Tuambie, atafungwa au hafungwi?"

"Nani huyo?"

"Mzee wa Miavuli! Si kakiri mwenyewe mbele ya watu!"

Bi Viputo aliweka bakuli chini. Akavaa miwani, akachukua gazeti. Hakusoma maneno, maneno alikuwa anayajua. Aliufuata mkia tu, taratibu, kwa ncha ya kidole, kutoka kwenye kiputo kushuka, kushuka, mpaka kwenye mdomo wa mzee. Akaufuata tena, kana kwamba safari ya pili ungebadili njia.

Kinyozi alimwona kupitia kioo. Mtu aliyekaa miaka thelathini akitazama nyuso za watu kwenye kioo haulizi mara mbili. Alizima mashine.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu," alisema Bi Viputo. "Jamani, hata mimi nangoja wiki ijayo kama nyinyi." Akatoka haraka, mkoba kausahau kwenye benchi, ikabidi mwalimu mstaafu amkimbilie nao barabarani akiita, "Shemeji! Soksi zako!"

*

Ofisini alimkuta Mtunzi amekaa kwenye kiti chake. Mtunzi alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kuongea kwa kasi kama mtu anayeogopa kukatizwa, na akili yake ilikuwa kali kuliko maneno yake. Siku zote alimwita Bi Viputo mama. Siku hiyo aliligeuza gazeti, akaligonga kwa ukucha.

"Mama. Huyu kasema nini?"

"Nimeona."

"Miaka minne nimemwacha hajafungua mdomo. Anafungua siku moja, anajitia wizini!"

"Ni mkono wangu, mwanangu. Mkia umeteleza. Nisamehe. Tuandike tu wiki ijayo kwamba tulikosea."

Mhariri aliingia wakati huo, simu mkononi, uso wake haueleweki kama anacheka au analia. "Tuandike nini? Samahani wasomaji, tulikosea mkia? Watu wametuma jumbe mia tatu tangu asubuhi! Kuna mama amenipigia analia, anasema alijua siku zote kwamba mzee ana siri. Mambo haya hayajawahi kutokea. Hapana. Kilichosemwa kimesemwa. Tengenezeni humo humo ndani ya hadithi." Akatoka.

Mtunzi alikunjua karatasi mezani. Zilikuwa picha sita za wiki ijayo, zimekwisha kuchorwa tayari. Mchoraji alizimaliza mapema ili asafiri kwa wakwe zake, na huko kwa wakwe hakuna aliyetarajia kumpata kabla ya mwisho wa mwezi.

"Tazama tulipokwama," alisema. "Picha ya kwanza, Mwenye Nyumba kapiga magoti, analia, watu wamemzunguka. Ya pili, Mjane anamnyooshea kidole. Ya tatu, Mwenye Nyumba anatoa ufunguo mfukoni. Ya nne anampa Mjane. Ya tano watu wanakimbilia juu. Ya sita wako paani, nguo zimeanikwa, jua linawaka. Sasa hebu niambie, kama aliyekiri ni mzee, huyu analilia nini?"

"Sijui."

"Mimi najua. Nimekwishalipatia dawa. Juu ya picha ya kwanza tunaweka kisanduku cha maelezo: *Asubuhi hiyo Mzee wa Miavuli alikamatwa.* Mwenye Nyumba analia kwa furaha, askari wamemrudishia ufunguo wake, anautoa mfukoni. Mjane anafurahi. Wote juu. Kwisha!"

Bi Viputo aliisogelea picha ya sita. Kwenye kona ya paa, pembeni kabisa, alikuwepo mzee, amefungua mwavuli juani.

"Na huyu je? Mtu wa jela atakuwaje paani?"

Mtunzi alitazama pembeni. "Huyo utamfunika. Ile chupa yako ya rangi nyeupe."

Ile chupa nyeupe ilikuwa kwenye dawati, upande wa kulia, mahali pake pa siku zote. Bi Viputo alikuwa ameitumia kwa matone ya wino na herufi zilizolegea. Kumfunika mtu nayo, hajawahi.

"Lakini hakuchukua," alisema.

"Nani?"

"Mzee. Hakuchukua ufunguo. Unamfunga mtu asiye na kosa."

"Mama, yule mzee hata hayupo!"

"Kakaa ngazini miaka minne, unasema hayupo?"

Mtunzi akacheka bila kutaka, kisha akaacha. Alimpenda huyu mama, ingawa alikuwa amekasirika. "Haya, tufanye hivi. Nipe wewe njia. Picha hizi hizi sita, hakuna kuongeza mstari hata mmoja. Ukinipatia maneno yanayoingia kwenye viputo na hadithi ikasimama, mzee anabaki. Usiponipatia, Jumanne saa sita mchana ukurasa unaondoka, na kabla haujaondoka, chupa nyeupe."

"Mimi si mtunzi, mwanangu."

"Najua. Na mimi si mchora mikia. Lakini hapa tulipo pote pawili pamechafuka."

*

Kwa miaka ishirini na sita Bi Viputo hakuwahi kutia neno lake kwenye kinywa cha mtu yeyote. Alirudisha maneno, alilalamikia maneno, lakini kuongeza hata "ee" ya kwake, hapana. Jumamosi alipokaa na karatasi kwenye meza ya jikoni alijisikia kama mtu anayejaribu nguo dukani huku mwenye duka anamtazama.

Kinyozi alikuwa upande wa pili wa meza, ananoa mikasi yake. Mkewe akawa anamjaribishia, kwa sauti ya kizee aliyoibuni papo hapo.

"Nilikuwa natania."

"Huyo mwizi," alisema Kinyozi.

"Ngoja. Nilichukua ufunguo mwingine, si huu."

"Huyo mwizi mwenye funguo mbili."

"Basi hii. Nilikuwa nimelala, naota."

Kinyozi aliweka mkasi chini. "Mama, kila akijitetea anazidi kupendeza kwa askari. Mwache anyamaze, ndiyo kazi anayoiweza."

Mkewe akacheka naye, lakini chakula cha jioni hakumaliza. Ukimwambia mtu kwamba huyu mama alikosa raha kwa ajili ya mzee wa wino, atakucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Yeye ndiye aliyempa mzee neno lake la kwanza duniani, na neno lenyewe likawa la kumfunga. Halafu mkono uleule ndio ungemfuta.

Jumapili mchana hawakuwa na wageni, nyumba ilikuwa kimya, na nakala ya zile picha sita ilikuwa imelala mezani chini ya kikombe. Kinyozi alikuwa anapita kwenda kuchota maji ya kunywa. Akasimama. Akainama. Akageuza kichwa upande, kama anavyofanya anapokagua kama ndevu za mteja zimelingana.

"Huyu anamtazama nani?"

"Yupi?"

"Huyu mwenye tumbo, hapa anapolia."

"Ameinamisha macho, ana aibu. Kaiba ufunguo wake mwenyewe, masikini."

"Aka. Mimi watu wenye aibu nawaona kila siku. Ukimharibia mtu nywele halafu ukamwonyesha kioo, wewe mwenye aibu unatazama miguu yako. Huyu hatazami miguu. Macho yamevuka miguu. Anamtazama mtu."

Bi Viputo alivaa miwani. Na hapa kazi ya miaka ishirini na sita ikamsaidia, kwa sababu ukishachora mikia maelfu kwa maelfu, jicho linazoea kufuata mstari kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Aliweka kidole kwenye jicho la Mwenye Nyumba akakivuta, kama alivyouvuta ule mkia bandani. Kidole kilipita magoti, kikapita viatu vya Mjane, kikashuka kidato, kidato, mpaka ukingoni mwa picha. Pale ukingoni, umekatwa na fremu, ulichungulia mpini wa mwavuli.

Alikitoa kikombe juu ya karatasi na kukiweka mbali.

"Anamlilia yeye," alisema taratibu. "Baba, huyu anamlilia mzee."

"Kwa nini amlilie?"

"Kwa sababu mwizi ni yeye mwenyewe, na mzee kajibebesha kosa lake mbele ya watu wote!"

Kinyozi alikunywa maji yake yote, akafuta mdomo. "Ala! Basi yule fundi bomba atamwomba mzee radhi, la sivyo namwachia nusu kichwa."

*

Jumatatu asubuhi mhudumu alimwona anapanda ngazi hasemi na mtu, wala mwanamume wala msichana, akapata wasiwasi zaidi kuliko ile siku ya kwanza.

Mtunzi alikuwa tayari, amekunja mikono kifuani. Bi Viputo aliweka mezani ule ukurasa na kipande kimoja cha karatasi, akasoma kwa sauti ya Mwenye Nyumba, ile sauti ya tumbo kubwa, lakini safari hii ikiwa imepasuka katikati.

"Mzee, kosa ni langu, mbona umelibeba wewe?"

Pumzi moja, wala haikubaki.

Kisha akaonyesha picha ya pili, Mjane na kidole chake. Maneno ya Mjane yalikuwa yaleyale aliyoyaandika Mtunzi tangu mwanzo, "Kumbe ni wewe!" Picha ya tatu, ufunguo unatoka mfukoni. Ya nne, unakabidhiwa. Ya tano, mbio. Hakuna kilichobadilika. Kiputo kimoja tu kati ya vyote, na hadithi nzima ilikuwa imegeuka ikatazama kwingine.

Mtunzi alisoma mara ya kwanza kwa haraka. Mara ya pili kwa midomo. Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza, jambo ambalo Bi Viputo humkataza kila mtu, na safari hii hakumkataza.

"Mimi nilikuwa na mwizi anayeungama tu," alisema Mtunzi. "Wiki tano nimewangojesha watu, halafu mtu anasema ni mimi, basi, kwaherini." Akapangusa jicho kwa kifundo cha mkono. "Mama, hii inaniudhi sana."

"Kwa nini tena?"

"Kwa sababu ni nzuri."

Wakacheka wote wawili mpaka Mhariri akachungulia kuona kuna nini, akasomewa, akaondoka akisema moyo wake umepoa na kwamba asisikie tena neno mkia hadi mwaka uishe.

Lakini Mtunzi ni mtunzi. Alipomaliza kucheka alirudisha macho kwenye picha ya sita. "Watauliza," alisema. "Benchi zima kule kwa mumeo litauliza. Mzee alibeba kosa la watu kwa nini? Hana deni na Mwenye Nyumba, si ndugu yake, hata salamu hawapeani. Huwezi kumwacha mtu afanye jambo kubwa vile halafu akae akishona."

"Basi mwandikie kitu."

"Mimi?" Mtunzi alimtazama kana kwamba ameambiwa aruke dirishani. "Miaka minne nilikuwa sijui kama yupo. Mama mwenyewe umenigombeza kwa hilo. Wewe ndiye uliyekaa naye." Akachukua kalamu ya risasi, akaonyesha anga tupu juu ya mwavuli uliofunguliwa, nafasi kama ya kipande cha mkate. "Pale. Kesho saa sita. Sitaki kuona kabla, nitasoma Alhamisi kama watu wengine."

"Hata huhakiki?"

"Kwani wewe ulinipa nihakiki ulipochora ule mkia?"

*

Jumanne, saa tano na dakika arobaini. Viputo vyote vya ukurasa vimekauka, isipokuwa kimoja ambacho hakipo bado. Mhariri yuko mlangoni, anajifanya anatazama saa ya ukutani kwa sababu zake nyingine. Chupa nyeupe imefungwa kifuniko na kusukumwa nyuma ya kopo la kalamu.

Bi Viputo ametoa kalamu nyembamba kuliko zote kutoka kwenye soksi ya tatu. Ana sauti kumi na nane, ana ya mlevi na ya mtoto na ya paka, na asubuhi nzima amekuwa akizijaribu moja baada ya nyingine kimoyomoyo, hakuna inayomfaa mzee. Ile aliyoibuni jikoni ilikuwa ya mchezo tu. Inabidi atafute ya kumi na tisa.

Amefikiria kumfanya mzee aseme kwamba alimhurumia Mwenye Nyumba. Amekataa, mzee hangejisifu. Amefikiria kumfanya aseme kwamba alichoka na kelele za ngazini, na hapo ametabasamu, maana ni kweli ingemchosha yeyote. Amefikiria asiseme lolote la ufunguo, aulize tu mwavuli huu uliokwisha kushonwa ni wa nani. Kila neno amelisema kwa pumzi moja, kwa sauti ya chini, na kila neno limetosha kwenye kile kipande cha mkate.

Halafu anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka ishirini na sita. Maneno hayajaandikwa, kiputo hakijazungushwa, naye anachovya kalamu na kuchora mkia kwanza. Anauchora polepole, mwembamba, umenyooka, mpaka kwenye mdomo wa mzee, pasipo kuteleza hata kidogo. Anaupuliza. Mzee wa Miavuli yuko paani juani, watu wote wamenyamaza, ni zamu yake.

Zimebaki dakika kumi na tano, na pumzi ni moja tu. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, wewe ungempa aseme nini?